Ukiuziwa TV isiyolingana na tangazo: namna ya kudai chako ukiwa Tanga

Mamdogo wangu wa Makorora ni fundi cherehani, na pembeni ana biashara ya vitambaa vya kufunika TV. Daftari lake lina vipimo vyote: ya inchi 32 upana huu, ya 43 upana huu, ya 50 upana huu. Siku zamu yake ya mchezo ilipofika, naye akanunua ya kwake, inchi 43, 4K, shilingi 680,000. Ikaja na bajaji, ikafunguliwa, watoto wakapiga makofi. Akaivisha kitambaa alichokishona kwa kipimo chake cha 43 cha siku zote. Kikapwaya. Akakivuta kushoto, kikaning'inia kulia. Akavua futi shingoni, akapima kioo kutoka pembe ya juu hadi pembe ya chini ya upande wa pili: sentimita 100. Inchi 43 ni sentimita 109.

Duka silitaji. Ninachotaka kukupa ni njia tuliyoipita mimi na yeye, pamoja na mambo ambayo tungeyafanya mapema zaidi kama tungeyajua.

1. Jua unalalamikia nini

Hapa ndipo watu wengi wanapoanguka. Ukifika dukani ukasema "TV mbovu", muuzaji anashukuru Mungu kimoyomoyo. Atakujibu, "Usijali, ina waranti mwaka mmoja, ilete fundi wetu aiangalie." Ukikubali, umeshahama kwenye kesi yako na kuingia kwenye kesi yake. Fundi ataiwasha, itawaka, atakwambia haina tatizo. Na kweli haina tatizo. Tatizo ni kwamba siyo uliyouziwa.

Kwa hiyo tenganisha mambo mawili. TV iliyozima baada ya wiki mbili, yenye mstari katikati ya kioo au isiyotoa sauti, hiyo ni mbovu, na waranti inaihusu. TV inayofanya kazi vizuri lakini ni inchi 40 badala ya 43, au haina 4K iliyoandikwa kwenye boksi, hiyo hailingani na maelezo. Waranti haina la kufanya hapo. Hakuna fundi atakayevuta kioo kikaongezeka sentimita tisa.

Sheria inakuunga mkono kwa pande mbili. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema kitu kinachouzwa kwa maelezo lazima kilingane na maelezo hayo. Kisipolingana mnunuzi ana haki ya kukikataa. Na Sheria ya Ushindani, Namba 8 ya mwaka 2003, inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, ikiwemo kudanganya juu ya kiwango na ubora wa bidhaa. Ya kwanza ndiyo njia ya kurudishiwa hela yako. Ya pili inamgusa muuzaji hata kama hela ameshakurudishia.

Na lile bango la "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi" lililobandikwa juu ya kaunta? Linaweza kumsaidia muuzaji pale unaporudisha TV kwa sababu mumeo hakuipenda rangi. Haliwezi kufuta haki uliyopewa na sheria pale ulipopewa kitu ambacho sicho.

2. Pima mwenyewe, siku ileile

Inchi za TV hupimwa mshazari, pembe hadi pembe, na ni kioo kinachoonyesha picha tu, bila fremu. Inchi moja ni sentimita 2.54. Kwa hiyo inchi 32 ni sentimita 81 na kidogo, 43 ni 109, 50 ni 127, na 55 ni karibu 140. Kama mshazari unakuchanganya, pima upana wa kioo: ya 32 ina takriban sentimita 71, ya 43 ina 95, ya 50 ina 111. Futi ya cherehani inatosha kabisa. Ila usigombane kwa nusu inchi; viwanda vingi hukadiria kwenda juu, na TV ya 43 yenye sentimita 108 ni ya kawaida. Sentimita 100 si makadirio, ni ukubwa mwingine.

Kuna mtego wa fremu pia. Baadhi ya wauzaji hupima kuanzia ukingo wa plastiki hadi ukingo wa plastiki, na namba zinapanda vizuri. Picha haionekani kwenye plastiki.

Ya 4K ni ngumu zaidi, na ndiyo inayowaliza wengi. Kioo cha HD ya kawaida kina pikseli, yaani vile vidoti vinavyojenga picha, 1366 kwa 768. Full HD ina 1920 kwa 1080. 4K ya kweli ina 3840 kwa 2160, yaani pikseli milioni nane na ushei, mara nne ya Full HD. Sasa soma boksi vizuri. Mara nyingi neno 4K ni kubwa kama tikiti maji, na chini yake kuna neno dogo la Kiingereza lenye maana kwamba TV "inasapoti" 4K. Tafsiri yake ni hii: ukiiletea video ya 4K itaipokea, kisha itaishusha iingie kwenye kioo chake cha HD. Ni kama bahasha ndogo inayopokea barua kubwa kwa kuikunja.

Utajuaje? Geuza TV nyuma, kuna kibandiko chenye namba ya modeli. Iandike herufi kwa herufi, kisha itafute kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza. Sifa za kioo zitakuwa pale. Kama namba ya nyuma ya TV hailingani na ya kwenye boksi, hiyo peke yake ni hoja nzito, ipige picha zote mbili kwa pamoja. Kama ni runinga janja, iunganishe intaneti, fungua video ya 4K YouTube, ingia sehemu ya kuchagua ubora. Orodha ikigota 1080 kwenye video yenye 4K, na intaneti yako iko vizuri, una jambo. Ikionyesha 2160 usifurahi haraka, kwa sababu zipo zinazokubali namba hiyo huku kioo kikiwa cha chini. Namba ya modeli ndiyo shahidi wako mkuu.

Mengine pima haraka haraka. Hesabu matundu ya HDMI na USB ulinganishe na boksi. Fungua programu ulizoahidiwa, usiridhike kuona alama yake tu. Zipo TV zenye alama ya Netflix ambayo ukiibonyeza haifunguki. Angalia kama kweli ina king'amuzi ndani, kama tangazo lilisema hivyo: Tanzania ilianza kuzima analojia tarehe 31 Desemba 2012, Dar es Salaam ikiwa ya kwanza, kwa hiyo TV inayopokea analojia peke yake haitakushikia chochote kwa antena bila king'amuzi cha nje.

3. Baada ya kugundua, acha kuigusa

Usiitundike ukutani. Usiipeleke kwa fundi wako wa Ngamiani akaifungua, hata kama ni rafiki wa miaka. Kile kibandiko cha skrubu kikichanika tu, hadithi inageuka na wewe ndiye mharibifu. Usitupe boksi, maboya yake, rimoti wala ule mfuko wa nailoni. Mamdogo alikuwa ameshawapa watoto wa jirani boksi wachezee nyumba, ikabidi tuzunguke mtaa mzima jioni ile kulitafuta. Tulilipata, upande mmoja limechorwa dirisha kwa mkaa, lakini namba ya modeli na "43" vilikuwa bado vinasomeka.

Sababu ya kuacha kuitumia ni ya kisheria pia. Mnunuzi hupoteza haki ya kukataa bidhaa akishaonyesha kwamba ameipokea kama yake, au akikaa nayo muda mrefu bila kusema neno. Sheria haitaji siku ngapi. Inasema muda unaofaa. Kwa ushauri wangu, siku tatu ni nzuri, wiki bado unasikilizwa, mwezi wa tatu utaulizwa ulikuwa wapi. Hata hivyo ukichelewa si kwamba huna kitu: unaweza kukosa haki ya kurudisha lakini ukabaki na haki ya kudai fidia, yaani tofauti ya thamani kati ya uliyolipia na uliyopewa.

4. Kusanya karatasi zako

Risiti ya mashine ya EFD, ile ya kodi, ndiyo ya kwanza. Ukiambiwa "ukitaka risiti bei inapanda", ujue hapo hapo aina ya duka uliloingia. Lakini hata risiti halali ina udhaifu: nyingi huandikwa "TV 1" basi, bila inchi wala modeli. Ndiyo maana wakati wa kununua mwombe muuzaji akuandikie kwa mkono kwenye ankara au nyuma ya risiti: "inchi 43, 4K, modeli namba fulani", agonge muhuri. Muuzaji mkweli hatasita. Akianza kujiumauma, umeokoa hela yako kabla haijatoka.

Jambo jingine kwenye risiti: jina. Bango la duka linaweza kusema hivi na risiti ikasema vile. Lililo kwenye risiti, pamoja na TIN yake, yaani namba ya mlipakodi, ndilo la kuandika kwenye barua na kwenye madai. Ukishitaki jina la bangoni unaweza kuambiwa hakuna mtu huyo.

Kisha tangazo lenyewe. Kama uliliona kwenye status ya WhatsApp, piga picha ya skrini leo, kesho halipo. Kama ni kibandiko cha bei kilichokuwa kwenye kioo cha TV dukani, hicho nacho ni maelezo. Mamdogo alikibandua akaja nacho nyumbani bila kujua anabeba ushahidi. Mazungumzo ya simu usiyafute. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ujumbe wa simu unapokelewa mahakamani kama ushahidi. Na kama ulilipa kwa simu, ule ujumbe wa muamala una jina la aliyepokea.

5. Rudi dukani, lakini rudi vizuri

Nenda asubuhi, kabla ya pilikapilika na kabla muuzaji hajachoka. Usiende peke yako. Anza na salamu kamili, maana Tanga ukiingia dukani kwa kelele umeshashindwa kabla hujaeleza shida. Omba kuongea na mwenye duka, siyo kijana wa kaunta. Kijana hana mamlaka ya kurudisha hela na atakuzungusha kwa sababu hana namna.

Sisi tulimkuta kijana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimerudi na TV yenu. Nimeuziwa 43, hii ni 40."

Kijana akaiangalia, akaangalia futi shingoni kwa mamdogo. "Mama, inchi za kiwandani ni tofauti na hizo za futi."

"Inchi ni inchi, baba. Nikikukatia suruali kwa inchi za kiwandani utaivaa?"

Wateja wawili wakacheka. Mwenye duka akatoka nyuma.

Sentensi yenyewe ya kusema ni fupi, na irudie bila kuipamba: "Niliuziwa hii ikiwa inchi 43 na 4K. Siyo. Naikataa, naomba hela yangu." Ukitaka kubadilishiwa au kupunguziwa bei, sema hivyo. Lakini amua kabla hujatoka nyumbani, kwa sababu ukifika pale utapewa machaguo yake, si yako. La kwanza huwa "chagua kitu kingine humu dukani cha bei hiyohiyo". Huna lazima ya kwenda nyumbani na blenda tatu na pasi.

La pili huwa "nenda kwa wakala wa kampuni Dar es Salaam". Likatae kwa upole. Hela ulimpa yeye, mkataba ni wako na yeye. Yeye na wakala wake watajuana.

La tatu ni umeme: "hii imepigwa na umeme wa TANESCO". Kwa TV iliyoungua hoja hiyo ina mashiko na utabishana nayo sana. Kwa kipimo cha kioo haina pa kushika. Umeme haujawahi kupunguza inchi.

6. Wakikuzungusha, andika

"Njoo Jumatatu" ikifika mara ya pili, acha miguu yako ipumzike, kalamu ifanye kazi. Barua ni ya ukurasa mmoja, nakala mbili, moja wagonge muhuri wa kupokea. Wakikataa kugonga, itume pia kwa WhatsApp ya duka na uihifadhi. Yetu ilikuwa hivi:

"Kwa mwenye duka. Tarehe fulani nilinunua kwako TV moja kwa Sh 680,000, risiti namba fulani. Kibandiko cha bei na boksi vilisema ni inchi 43 na 4K. Nimepima kioo, kina sentimita 100, sawa na inchi 39 na ushei. Kwa namba ya modeli iliyo nyuma, kioo ni cha Full HD. Bidhaa hailingani na maelezo iliyouzwa nayo, na nilikujulisha siku ya tatu baada ya kununua. Naikataa, na naomba unirudishie Sh 680,000 ndani ya siku saba kuanzia leo. Usipofanya hivyo nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani na madai Mahakama ya Mwanzo. TV iko kwangu salama na boksi lake, iko tayari kuchukuliwa."

Hakuna tusi, hakuna "mwizi", hakuna Mungu atakulipa. Sentensi ya mwisho iache hivyohivyo. Inaonyesha kwamba umeikataa kweli na huitumii.

7. Siku saba zikipita

Pa karibu ni ofisi ya biashara ya Jiji. Afisa biashara ndiye anayeshughulika na leseni za maduka, na simu yake moja huwa na uzito kuliko barua zako tatu. Hawezi kutoa hukumu, ila anaweza kuwaita mkakaa meza moja.

Tume ya Ushindani, ambayo wengi huiita FCC, ndiyo yenye Sheria ile ya 2003. Malalamiko yanapelekwa kwa maandishi, ukiambatanisha risiti, picha na barua yako. Inaweza kuchunguza, kumwamuru mfanyabiashara aache, na kuagiza fidia. Tume hiyohiyo ndiyo inayoshughulika na bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, kwa hiyo kama TV yako ina nembo ya kampuni kubwa iliyobandikwa juu ya kitu kisichojulikana, hapo ndipo mahali pake. Usitegemee jibu la wiki moja.

TBS, Shirika la Viwango, wanahusika zaidi TV inapokuwa ya hatari: inakupiga shoti, inachemka, waya wake ni mwembamba kama uzi. Hapo usisubiri mtu, ichomoe na uripoti.

Kwa hela yako hasa, mimi ningekwenda Mahakama ya Mwanzo. Bei ya TV ya nyumbani iko mbali sana chini ya kikomo cha madai ya mkataba wanayoweza kusikiliza. Kesi inaendeshwa kwa Kiswahili, na unaweza kujieleza mwenyewe. Peleka boksi, risiti, barua yenye muhuri na futi. Ndiyo, futi. Hakimu akipima mwenyewe, hamna mtaalamu atakayehitajika.

Kama hukuinunua hapa mjini

TV nyingi za Tanga hununuliwa kwa picha tu: muuzaji yuko Kariakoo, unatuma hela, mzigo unashushwa kwenye basi Kange. Haki ni zilezile, ila kumfuata mtu ni kazi. Fungua mzigo pale pale ofisi ya basi, mtu mwingine akirekodi video bila kukata, kuanzia boksi likiwa na gundi yake hadi kipimo cha kioo. Na kabla ya kutuma hela mwandikie muuzaji swali moja: "Ni inchi ngapi, na kioo ni 3840 kwa 2160?" Akijibu "ndiyo", ameshaandika maelezo ya mauzo kwa mkono wake.

Zile zinazovuka bahari kutoka Unguja na Pemba zina mkasa mwingine. Sheria ya Ushindani ya 2003 ni ya Tanzania Bara; Zanzibar wana sheria yao na Tume yao. Ulikonunua ndiko kwa kulalamika, na nauli ya boti ni juu yako. Zile zinazoshushwa usiku bila karatasi hazina risiti, hazina muuzaji, na kesho yake hata jahazi halipo.

Mamdogo hakufika mahakamani. Siku ya tano baada ya barua mwenye duka alipiga simu mwenyewe, akasema 43 ya kweli ya bei ile hana, ila anaweza kurudisha hela zote au kumpunguzia 150,000 abaki na ile ile. Nikamwambia mamdogo achukue zote. Akanikatalia, picha nzuri, alisema, na sebule yake ndogo. Wakaandikiana kwenye karatasi, zikahesabiwa noti mezani, wakasaini wote wawili. Jioni nilimkuta kwenye cherehani, anakipunguza kile kitambaa sentimita saba, na kwenye daftari ameongeza mstari mpya chini ya 43: "40 (inayoitwa 43)".